"Umri ni namba tu"? Namba hiyo ina kazi yake: milima, marathoni na maji marefu baada ya miaka 60

Mwendo_wa_Kinyonga:

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna msemo umezagaa kila kona: "umri ni namba tu". Unakuta kijana wa miaka 30 ameuandika chini ya picha ya babu aliyevaa medali, na watu wanagonga makofi. Binafsi umenichosha. Nina miaka 66, napanda milima na nakimbia, na nasema umri ni namba, ila hilo neno "tu" ndilo linaloua watu. Ni namba unayotakiwa kuiingiza kwenye hesabu kabla hujafunga kamba za viatu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila mada hii inapoibuka naona kambi mbili. Ya kwanza inatuambia wazee tutulie nyumbani tusije tukavunjika. Ya pili inatushangilia hata tukifanya upuuzi. Nikiwatazama watu waliofanya makubwa wakiwa na umri mkubwa kweli, siwaoni kambi yoyote kati ya hizo.

Mfano ni Yuichiro Miura wa Japani. Alifika kilele cha Everest mwaka 2003 akiwa na miaka 70, akarudi 2008 akiwa na 75, halafu Mei 2013 akafika tena akiwa na 80. Mita 8,848. Hiyo ndiyo sehemu inayosambazwa. Isiyosambazwa ni kwamba kati ya safari ya pili na ya tatu alivunjika nyonga na paja akiteleza kwenye theluji, na moyo wake ulishafanyiwa matibabu zaidi ya mara moja kwa sababu mapigo yalikuwa hayaendi sawa. Kwa hiyo alipokwenda na miaka 80 hakupanda kama kijana. Alitembea nusu siku, nusu siku akapumzika. Kipande ambacho wengine wanakimaliza kwa siku moja yeye alikigawa. Na wakati wa kushuka, alipofika kambi ya mita 6,500 alichukuliwa na helikopta. Kuna waliombeza kwa hilo. Mimi naona mtu aliyepiga hesabu ya nguvu zilizobaki.

Lakini Miura ninayempenda zaidi ni wa mwaka 2019. Alikuwa na miaka 86, yuko Aconcagua kule Argentina, mlima wa mita 6,961. Akiwa tayari juu sana, daktari wa timu akamwambia moyo hauruhusu, basi. Mzee akakubali, akashuka. Mwanawe akaendelea hadi kileleni. Mwaka 2023, akiwa na miaka 90 na miguu haimsikilizi tena vizuri, akafika juu ya Mlima Fuji kwenye kiti maalumu cha magurudumu, wenzake wakisukuma na kuvuta.

Sasa mweke pembeni yake Min Bahadur Sherchan wa Nepal. Mwaka 2008 alifika Everest akiwa na miaka 76, akamtangulia Miura kwa siku moja na kubeba rekodi ya mtu mzee kuliko wote pale juu. Miura alipoivunja 2013, Sherchan hakutulia. Mei 2017, akiwa na miaka 85, alikuwa kwenye kambi ya chini ya Everest akijiandaa kuichukua tena, na mauti yakamkuta hapohapo kambini. Simlaumu, kila mtu na moyo wake. Ila nikiulizwa nijifunze kwa nani, jibu ninalo.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya wanaume wenye timu na madaktari, mtafuteni Emma Gatewood. Mmarekani, mama wa watoto 11, aliyepigwa na mumewe miaka na miaka hadi wakaachana. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, ile njia ndefu ya waenda kwa miguu mashariki mwa Marekani, zaidi ya kilomita 3,000 za milima na misitu. Alivaa raba za kawaida za kitambaa na kubeba mfuko aliojishonea, na kujikinga mvua alitumia pazia la bafuni. Mwaka uliotangulia alijaribu akapotea, miwani ikavunjika, akarudishwa nyumbani. Watoto wake hakuwaambia kitu. Akasubiri mwaka ugeuke, akaenda upande mwingine wa njia na kuanza upya. Baadaye akairudia njia yote mara mbili zaidi.

Nataka tuongee hapa kuhusu namna watu wa umri wetu wanavyojiandaa, wanavyoanguka na wanavyorudi. Wenye uzoefu karibuni, na wenye wazazi ving'ang'anizi pia karibuni.

Bega_Moja:

Mzee Kinyonga shikamoo. Nakuheshimu sana ila nitakuwa mkweli. Hao uliowataja ni watu wa ajabu, mmoja katika mamilioni. Ni damu zao. Ukimwambia mzee wa kawaida aige unamtafutia kaburi. Baada ya miaka 60 mwili unashuka, hiyo ni sayansi, huwezi kubishana na misuli inayoyeyuka. Wazee wangu mimi nawashauri watembee jioni kidogo, wapumzike, waheshimu miili yao.

Mpita_Njia_Mnene:

Mimi nina 58, nikiinama kufunga viatu naaga familia kwanza. Nimekaa pale nawasoma.

Mwendo_wa_Kinyonga:

Marahaba Bega. Hoja yako nimeipenda kwa sababu nusu yake ni kweli. Misuli inapungua kuanzia miaka ya thelathini, na baada ya sitini kasi inaongezeka. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni nao unashuka kama asilimia 10 kila miaka kumi kwa mtu asiyefanya mazoezi. Swali ni kiasi gani cha huko kushuka ni cha umri, na kiasi gani ni cha kiti tulichokalia.

Kuna utafiti ulifanyika Dallas mwaka 1966. Walichukua vijana watano wa miaka 20, wakawalaza kitandani wiki tatu bila kunyanyuka, wakapima pumzi na moyo. Miaka 30 baadaye wakawatafuta walewale watano, sasa ni watu wazima wa miaka 50, wakawapima tena. Zile wiki tatu za kitandani ziliwashusha uwezo kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Soma tena hapo. Halafu wakawapa mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, na uwezo wao ukarudi pale ulipokuwa walipoanza wakiwa na miaka 20.

Kwa hiyo "pumzika mzee" si ushauri usio na madhara. Ni dawa nzito, na huwa inatolewa bila kipimo.

Ukisema hao walikuwa na miaka 50 tu, kuna mwingine wa 1990, Boston. Waliwachukua wakazi kumi wa nyumba ya kutunzia wazee, umri wao karibu miaka 90, dhaifu kabisa, wakawapa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Uzito wa kweli, si kupunga mikono. Baada ya wiki nane nguvu za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili waliacha kutembelea fimbo. Hao si wa ajabu, Bega. Hao ndio wale wale unaotaka wapumzike.

Bega_Moja:

Sawa, hizo za miguu nimezielewa. Lakini kutoka kuacha fimbo hadi Everest ni mbali sana mzee wangu.

Mwendo_wa_Kinyonga:

Ni mbali, na hakuna aliyesema kila mtu aende Everest. Mlima wa mtu ni ule unaomtoa jasho yeye.

Nesi_Mstaafu:

Nimepita hapa nikaona mjadala wa heshima, ngoja nichangie ya kazini kwangu. Nimestaafu uuguzi, sasa hivi naogopwa na wajukuu tu.

Tatizo kubwa la watu wa umri wetu si mazoezi, ni mazoezi juu ya dawa. Wengi tunameza vidonge, na hakuna anayetuuliza kama tunakimbia. Mtoa dawa anamwona bibi, basi.

Kwanza, dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo. Ukiwa nazo, saa ya mkononi itakudanganya. Utakuwa unahema kama unafukuzwa, saa inasema mapigo yako chini, unaongeza mwendo. Ile hesabu ya kutoa umri kwenye 220 ili kupata kikomo cha mapigo ya moyo ni ya kukadiria tu hata kwa mtu mzima wa afya; kwako wewe itupe. Tumia mdomo. Ukiweza kuongea sentensi nzima, mwendo ni wa wastani. Ukiongea maneno mawili unavuta pumzi, umeingia mwendo mgumu, na huko usikae muda mrefu bila sababu.

Pili, dawa za kukojoza. Umri wenyewe unapunguza hisia ya kiu, yaani mwili unaishiwa maji na koo halisemi. Ongeza jua na kidonge kinachotoa maji, utaanguka ukisimama ghafla. Lakini msije mkaenda upande wa pili mkanywa maji kama ngamia njia nzima. Maji mengi kupita kiasi yanashusha chumvi kwenye damu, na huyo naye anaanguka, tena anaweza kufa. Kunywa kidogo kidogo, na safari ikiwa ndefu weka na chumvi.

Tatu, na hili nalisema kwa herufi kubwa: DAWA ZA MAUMIVU. Ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake. Mtu anameza asubuhi kabla ya mbio ndefu "ili goti lisisumbue". Figo ya mtu mzima, maji pungufu, dawa ya presha na hiyo diklofenaki vikikutana, figo inazima. Goti likiuma linakupa taarifa, sasa wewe unamnyamazisha mtoa taarifa ili uende wapi?

Kabla ya kuanza jambo zito, mtu aliyekuwa amekaa miaka mingi, au mwenye sukari, presha, au ndugu waliokufa kwa moyo mapema, aende akapimwe. Na si kile kipimo cha kulala kitandani peke yake. Omba kile cha kutembezwa kwenye mashine huku umebandikwa nyaya, moyo uonekane ukifanya kazi. Kifua kikibana unapopanda ngazi na kuachia ukisimama, hiyo si "gesi". Taya kuuma, mkono kuwa mzito, kizunguzungu katikati ya jitihada, simama siku hiyo hiyo.

Goti_la_Chuma:

Nesi Mungu akuweke. Hiyo ya dawa za maumivu nimeisoma mara tatu, na zipo mfukoni.

Mzee_wa_Takwimu:

Niongezee Kinyonga mfano unaomjibu Bega moja kwa moja. Robert Marchand, Mfaransa, mwendesha baiskeli aliyezaliwa 1911. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, alizunguka kwa saa moja akafikisha kilomita 24.25. Watafiti wakampa utaratibu: karibu kilomita 5,000 kwa mwaka, asilimia 80 mwendo mwepesi, 20 mwendo mgumu. Miaka miwili baadaye akarudi uwanjani, saa moja ileile, akapiga kilomita 26.927. Na walipompima uwezo wa kutumia oksijeni, ulikuwa umepanda asilimia 13 baada ya miaka 100. Umepanda, wakuu! Mwaka 2017, akiwa na 105, akafanya kilomita 22.547.

Mwingine ni Ed Whitlock wa Kanada, mtu wa kwanza mwenye zaidi ya miaka 70 kumaliza marathoni chini ya saa tatu. Akiwa na 73 alikimbia saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mazoezi yake? Alizunguka makaburini karibu na kwake, taratibu, saa mbili, saa tatu, karibu kila siku. Hakuna mashine, hakuna kocha wa kelele. Na alikuwa akiumia goti anakaa hata miezi mingi, akipona anaanza na dakika chache. Watu wanaona zile saa mbili na dakika hamsini na nne, ile miezi ya kukaa hawaioni.

Bega_Moja:

Vipi kuhusu yule mzee wa India wa miaka 100 aliyekimbia marathoni? Na yule mama aliyeogelea kutoka Cuba? Nasikia kuna maneno maneno.

Mzee_wa_Takwimu:

Maneno yapo, tuyaweke wazi kwa sababu kwenye mambo haya chumvi ni nyingi.

Fauja Singh alianza mbio ndefu akiwa karibu na miaka 90 baada ya kufiwa na mwanawe, alimaliza marathoni ya London mwaka 2000 na ile ya Toronto mwaka 2011 akihesabiwa miaka 100. Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walikataa kuiandika kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa kijijini Punjab enzi ambazo vyeti havikuwepo. Kwa hiyo umri hauna karatasi. Mbio zenyewe zina mashahidi maelfu.

Diana Nyad alijaribu kuogelea kutoka Cuba hadi Florida kwanza mwaka 1978 akiwa na miaka 28. Akafeli. Akarudi akiwa na zaidi ya 60, akafeli tena na tena, mara pumu, mara sumu ya viumbe vya baharini. Septemba 2013, akiwa na 64, akatokea Florida baada ya karibu saa 53 majini. Lakini wasimamizi wa kuogelea masafa marefu hawajaiidhinisha safari hiyo, wanasema kumbukumbu zake hazikukamilika. Mtu achukue anachoona. Mimi nachukua hiki: kujaribu mara ya tano baada ya miaka 35 hakuhitaji muhuri wa mtu.

Bi_Mkubwa_wa_Majini:

Mmenigusa kwenye maji, nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nimejifunza kuogelea baada ya kufikisha miaka 60. Magoti yalikuwa yamekataa kukimbia, daktari akasema maji. Mwalimu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, ananiita mama, mimi namwita mwalimu, tukaheshimiana.

Watu wanadhani kitu kigumu ni kuelea. Wapi! Kuelea kunakuja chenyewe ukiacha kupigana na maji. Kigumu ni kutoa pumzi ukiwa umezamisha uso. Mwili wa mtu mzima umezoea kubana pumzi ukiona hatari. Unashika ukingo, unazamisha uso, unabana, kifua kinajaa hewa chafu, unatoka unahema kama umekimbizwa na kumbe hujasogea hata hatua. Nilikaa pale ukingoni muda mrefu, kazi yangu ni moja: kupuliza mapovu kwa pua, taratibu, mpaka yaishe, ndipo nigeuze uso nivute. Watoto wananipita kushoto na kulia. Siku mapovu yalipotoka bila kuyafikiria, nilivuka upande wa pili.

Halafu shingo. Shingo yangu haigeuki kama ya binti. Nilikuwa nanyanyua kichwa ili nivute hewa, miguu inazama. Mwalimu akanifundisha kugeuza kiwiliwili chote, bega na nyonga pamoja, uso unafuata wenyewe. Hilo ni la kuwaambia wote wa umri wetu, kwa sababu vitabu vingi vya kuogelea vimeandikwa kwa ajili ya shingo za vijana.

Sasa hivi nipo kwenye maji ya wazi na wenzangu. Huko hakuna ukuta wa kushika wala mstari chini wa kufuata, na maji ya baridi yanakushtua dakika ya kwanza, unavuta pumzi bila kupenda. Ingia taratibu, maji yafike kifuani, nawa uso, subiri pumzi itulie. Usijirushe kuwaonyesha vijana. Moyo wa miaka yetu haupendi mshtuko huo. Na usiingie peke yako. Boya la rangi kali kiunoni, mtu pembeni.

Kuna Mmarekani, Natalie Grabow, alijifunza kuogelea akiwa na miaka 59. Mwaka 2025, akiwa na 80, alimaliza mashindano ya dunia ya Ironman kule Hawaii: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, halafu marathoni nzima, na yote ndani ya saa 17. Nikimfikiria yeye, mapovu yangu siyaonei aibu.

Mzee_wa_Takwimu:

Bi mkubwa umetisha. Kwa hao wa Hawaii muongezee Hiromu Inada wa Japani. Mwaka 2015, akiwa na miaka 82, alianguka karibu kabisa na mstari wa kumalizia, akaufikia akiwa amechelewa kwa sekunde tano. Tano! Baada ya siku nzima. Akarudi 2018 akiwa na 85 na kumaliza.

Mpita_Njia_Mnene:

Sekunde tano mimi ningelala palepale mpaka mwakani.

Binti_wa_Kwanza:

Shikamooni wazazi wangu. Nimesoma uzi wote, sasa nina kesi.

Baba yangu ana miaka 71. Tangu mama afariki alikuwa amekaa tu, tukawa na wasiwasi. Ghafla amesema anataka kupanda mlima wa karibu mita 6,000. Ameshanunua viatu na fimbo, haambiliki. Presha anayo lakini imedhibitiwa, goti la kulia lilishamsumbua. Ndugu zangu wanataka tumkataze. Mimi nimeona macho yake yamerudi, siwezi kumkataza. Lakini naogopa. Nifanyeje?

Mwendo_wa_Kinyonga:

Marahaba mwanangu. Usimkataze, mpe masharti. Mtu mzima akikatazwa anaenda kimya kimya, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Emma hakuaga watoto wake, umesoma hapo juu.

Sharti la kwanza ni Nesi atakueleza, vipimo. La pili ni langu: muda. Asipande chini ya miezi sita kuanzia leo, na mwaka ni bora zaidi. Moyo na pumzi vinaitikia mazoezi ndani ya wiki chache, misuli inafuata, lakini kano na viungio ni vya mwisho. Hapo ndipo wazee wengi wanaumia: pumzi imeshakuwa nzuri, anajisikia kijana, anaongeza umbali, kano za kisigino au goti hazijafika bado. Aongeze kidogo, akae hapo, ndipo aongeze tena. Na siku ya mapumziko iwe ya mapumziko kweli. Vijana wanapona usiku mmoja, sisi tunaomba mbili.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwa goti lake: ajifunze kushuka. Kila mtu anafanya mazoezi ya kupanda. Mlima unakula watu kwenye kushuka, ukiwa umechoka, kilele umeshapiga picha, akili iko nyumbani. Kushuka kunataka misuli ya mapaja ifanye kazi ya kuzuia uzito huku inarefuka, na kazi hiyo hujifunzi kwa kutembea tambarare. Mtafutie ngazi ndefu. Apande kwa mwendo wowote, lakini kushuka ashuke polepole, mguu ukanyage bila kishindo. Ukisikia "pa, pa, pa" mwambie arudie. Mwezi wa kwanza bila mzigo, baadaye mkoba wenye kilo chache. Fimbo ni mbili, si moja, na wakati wa kushuka azirefushe kidogo zitangulie mbele ya mguu.

Nyumbani: kuketi kitini na kusimama bila kushika kitu, mara nyingi kadiri anavyoweza, na kusimama kwa mguu mmoja wakati anapiga mswaki. Kuna utafiti wa 2022 ulioonyesha kwamba watu wa miaka 51 hadi 75 walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde kumi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa miaka iliyofuata. Mguu mmoja haukuui, ila unasema mengi kuhusu mwili wote. Mjaribu leo, usimwambie kwa nini.

Nesi_Mstaafu:

Mwanangu, pole kwa msiba wa mama.

Baba apimwe kama nilivyoandika juu, na daktari aambiwe neno "mita 6,000", asiambiwe "matembezi". Dawa zake zipitiwe moja moja.

Kuhusu hewa ya juu, sheria si ya umri, hata kijana wa jeshi inamwangusha. Akishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu au nne alale palepale siku ya ziada. Milima mingi inauzwa kwa safari fupi zinazovunja sheria hiyo. Anunue siku nyingi, ndiyo dawa ya bei nafuu kuliko zote. Mmarekani mmoja, Anne Lorimor, alifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 2019 akiwa na miaka 89, kwa hiyo umri wa baba peke yake si kikwazo.

Kichwa kuuma na kukosa hamu ya kula, asimame, asipande zaidi mpaka iishe. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, au kuhema akiwa amekaa, anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama anagoma. Kipimo rahisi: mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akishindwa, mnashuka.

Bega_Moja:

Binti, mimi niliyeanza kwa kubisha naomba niongeze sharti moja. Mkubaliane kabla ya safari nani anasema "tunarudi", na akisema hakuna mjadala. Kama yule daktari wa Miura. Asiwe baba mwenyewe, kule juu mtu hajijui.

Mwendo_wa_Kinyonga:

Bega, umeongea kama mtu wa miaka 70. Hilo nilitakiwa kuliandika mimi.

Binti_wa_Kwanza:

Asanteni sana. Nimemsomea baba yote. Ya vipimo amekubali, ya mwaka mzima amekunja uso lakini amekubali. Mguu mmoja amesimama sekunde sita wa kulia, wa kushoto amezidi kumi. Amesema kesho anaanza na ngazi. Ya mtu wa kusema "tunarudi" ameniteua mimi, maana yake na mimi napanda, sijawahi kupanda hata kichuguu. Viatu alivyonunua vinambana vidole, asema vitalegea. Ni kweli?

Mwendo_wa_Kinyonga:

Havilegei. Kwenye kushuka mguu unateleza mbele, vidole vinagonga ncha, kucha zinageuka nyeusi na kung'oka. Akavibadilishe sasa. Akavijaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa amevaa soksi nene za safari, asimame kwenye mteremko, vidole visiguse mbele. Kucha zikatwe fupi siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Na wewe vilevile.